Mhariri, kalenda ya mwakani tuwekeeni ramani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe ombi ambalo nadhani hujaletewa na msomaji mwingine. Linahusu kalenda.

Kila mwisho wa mwaka magazeti, mabenki na makampuni hutugawia kalenda. Tunazitundika sebuleni kwenye msumari, zinakula vumbi mwaka mzima, na Januari ikiingia tunazishusha. Kwa familia nyingi kazi inayofuata ni kujaladia madaftari ya watoto. Hapa kwangu Kirumba zina kazi nyingine: nazigandisha kwenye plaiwudi, nazikata kwa msumeno wa mkono vipande vipande, kisha wajukuu na watoto wa majirani wanakaa mkekani kuziunga upya. Ni fumbo la picha, la mbao, linalotengenezwa hapo hapo uani.

Shida ni picha zenyewe. Kalenda zetu zimejaa nyuso za viongozi. Nawaheshimu viongozi wetu, lakini kumpitisha mheshimiwa msumeno shingoni mbele ya watoto kunanipa kigugumizi, na siku kipande chenye jicho lake kikipotelea chini ya kabati, fumbo linalobaki huwezi kumwekea mgeni mezani. Zile zisizo na viongozi zina magari, au majumba ya ughaibuni yaliyozungukwa na theluji. Ninachoomba, Mhariri, ni ramani ya Tanzania yenye mikoa yote 31, iliyochapwa kwa namna ambayo mtu mwenye msumeno anaweza kuitumia. Namna hiyo nitaieleza, ila uniruhusu kwanza nieleze kazi yenyewe, maana bila kuijua utaniona mama nisiye na shughuli.

Shughuli ninayo. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na muhula ukikaribia kufunguliwa hata kula nakula nimesimama. Ukuta wangu unapakana na karakana ya seremala wa vitanda na makabati. Mabaki yake ya plaiwudi yalikuwa yanaishia kwenye jiko la mama ntilie wa pale kona, na moshi wake, kwa sababu ya gundi iliyomo, unawasha macho mtaa mzima. Nikaanza kuyaomba. Seremala alidhani nataka kuezekea banda la kuku.

Nilichokuwa nataka ni kuwatafutia watoto kitu cha kushika. Watoto wetu mikoa wanaitaja kwa wimbo, kuanzia Arusha mpaka Tanga, bila kukosea hata mmoja. Muulize huyo huyo Simiyu iko upande gani ukitokea hapa Mwanza, anaangalia dari. Na Simiyu si mbali: ukipanda basi la Musoma, ukiipita Magu umeshaingia wilaya ya Busega. Mafumbo ya plastiki yanayouzwa madukani mjini yana dubu weupe na matufaa. Sina ugomvi na dubu, lakini hatakuja kumsaidia mtu kwenye mtihani wa darasa la nne.

Wazo la kukata ramani si langu. Miaka ya 1760 kule London, mchongaji wa ramani aitwaye John Spilsbury alikuwa anabandika ramani kwenye mbao za mahogani na kuzikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wa wenye nacho wajifunzie jiografia. Hata watoto wa Mfalme George III wa Uingereza walifundishwa kwa ramani za namna hiyo na mlezi wao, Lady Charlotte Finch. Vipande vya nchi havikuwa na vichwa vya kushikana kama vya mafumbo ya siku hizi, kwa hiyo ukiigusa meza, Ulaya yote inasambaratika. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Spilsbury aliuza pia ramani zisizo na bahari, kwa bei nafuu. Mjanja yule. Ila hapa kwetu ukimuuzia mtu ramani isiyo na ziwa, atakurudishia kesho yake asubuhi.

Sasa mbao. Watu wananiuliza kwa nini nisitumie mninga, ambao ni mzuri na unang'aa. Mninga ni wa meza na milango. Fumbo lina vichwa na shingo nyembamba, na mbao yoyote ya mti mzima, hata ile paini ya mashamba ya Rubya kule Ukerewe au Buhindi upande wa Buchosa, nyuzi zake zinaelekea upande mmoja. Shingo ya kipande ikikatwa kukingama nyuzi hizo, mtoto akiivuta inakatika puu. Plaiwudi imeundwa kwa matabaka, kila tabaka nyuzi zake zinakingama za tabaka la chini yake, ndiyo maana kipande chembamba kinahimili. Mimi napenda ya milimita 6. Ya milimita 3 inapinda ikipakwa gundi, na ya milimita 9 inachosha mkono bure.

Halafu kuna plaiwudi na plaiwudi. Duka moja hapa mjini liliniuzia bao zima, jeupe, limenyooka, na masika yalipoingia matabaka yakaachana yenyewe kama kitabu kilicholowa. Hewa ya ziwani haimwonei mtu haya. Tangu hapo kabla ya kulipa naomba kipande kidogo, nakilaza usiku kucha ndani ya ndoo ya maji. Asubuhi matabaka yakiwa yameshikana, narudi na pesa. Muuzaji akikataa kunipa kipande, nimeshapata jibu.

Kwa atakayenunua bao zima la futi 8 kwa 4, nimpe hesabu ya fundi cherehani. Ramani ya ukubwa wa A2, yaani sentimita 59 na ushee kwa 42, ukiipanga kwa urefu wa bao unapata 8. Ukiigeuza ukaipanga kwa upana, unapata 10. Ni bao lile lile. Kwenye kitambaa tunaita kujua kupanga, na ndiko faida ya fundi iliko.

Kugandisha picha ndiko kunakoamua kama fumbo litaishi. Natumia gundi nyeupe ya maseremala, naizimua kwa maji kidogo mpaka ipakike kwa brashi bila kuvuta, napaka ubao na mgongo wa karatasi. Mgongo wa kalenda ukiwa na mng'aro naupitishia kwanza msasa laini, maana gundi haishiki kwenye utelezi. Naanza kulaza upande mmoja, nasukuma hewa kwa mti wa kusukumia chapati kuelekea upande wa pili, polepole. Kiputo kimoja ukikiacha, bledi ya msumeno ikifika hapo inaichana karatasi. Upande wa nyuma nao naugandishia karatasi yoyote, vinginevyo gundi ikikauka inavuta ubao unakuwa bakuli. Kisha nafunika kwa nailoni, naweka ubao mwingine juu, na mawe. Mawe Mwanza hatuagizi.

Hapo ndipo gazeti lenyewe linaposhindwa, samahani kwa kusema. Nimewahi kupendekezewa nikate picha za gazetini. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na inakunywa maji: ikipata gundi, maandishi ya ukurasa wa nyuma yanajitokeza mbele, na unakuta juu ya picha ya Mlima Kilimanjaro kuna tangazo la mnada linasomeka kinyumenyume. Picha za kuchapisha steshenari nazo zina lake. Zikitoka kwenye printa ya wino wa maji, gundi inazisambaza rangi. Zikitoka kwenye printa ya laza hazina tatizo. Lakini printa nyingi za steshenari za mitaani mwisho wake A4, na Tanzania kwenye A4 ni mzaha. Kalenda ina karatasi nzito, wino uliokaa vizuri, na ukubwa. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nije kwenye msumeno. Ni ule mwembamba wenye fremu ndefu ya upinde, bledi yake uzi tu, inchi 5. Fremu nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea mageti kwa chuma bapa, kina chake futi moja ili ifike katikati ya ubao, ncha zote mbili zina nati za masikio za kubana bledi. Bledi zinapatikana kwa masonara, na mji huu unaotazamana na dhahabu ya Geita haukosi masonara. Bledi zao ni za kukatia chuma na dhahabu, meno madogo, kwenye mbao zinaziba unga haraka. Kwa hiyo mwombe zenye meno makubwa kuliko zote alizonazo, na ununue nyingi, maana kukatika zitakatika na hilo lisikuumize roho. Unapoifunga, meno yatazame chini, kuelekea kwenye mpini. Ibane fremu kwa kifua dhidi ya meza wakati unakaza nati, ukiachia inajivuta. Igonge kwa ukucha: ikilia ting, iko tayari. Ikilia mbu, kaza tena.

Kwenye ukingo wa meza nafunga kwa jiriwa ubao mfupi wenye mkato wa V unaotokeza nje. Fumbo linalala juu ya ubao huo, picha juu, na bledi inafanya kazi ndani ya V. Mkono unashika mpini chini ya meza, unavuta chini, unasukuma juu bila nguvu, kwa sababu inakata inaposhuka tu. Meno yakishuka, mikwaruzo yote inatokea upande wa chini, picha inabaki safi. Kaa kwenye kigoda, bega liwe juu kidogo tu ya meza. Ukisimama utaumwa mgongo, na msumeno utalala. Msumeno ukilala, mkato unakwenda mshazari, na kipande cha mkato mshazari kinaingia kwa upande mmoja tu, kwa upande mwingine kinagoma. Watoto wanakijua mara moja. Wanasema, “Bibi, hiki kimenuna.”

Na kona? Hapa fundi cherehani tuna bahati. Kwenye cherehani mashine haigeuki, kinachogeuka ni kitambaa chini ya sindano. Msumeno huu ni hivyo hivyo: mkono wa kulia unapanda na kushuka mahali pale pale, mkono wa kushoto unazungusha ubao. Ukifika kwenye kichwa cha kipande, endelea kuvuta na kusukuma papo hapo huku ubao ukigeuka taratibu, bledi ijitengenezee nafasi ya kupindia. Seremala wangu, na ubingwa wake wote wa makabati, alizivunja bledi kwa sababu alikuwa anageuza msumeno. Nilicheka, akaninunia, tukaendelea.

Jambo jingine watu wanalolidharau: mstari uliopinda ni rahisi kuliko ulionyooka. Mto ukipinda kidogo zaidi ya ulivyochorwa, nani atakwambia? Lakini mpaka wetu na Kenya unatoka ufukweni mwa Ziwa Victoria umenyooka mpaka Kilimanjaro, unauzunguka mlima, unanyooka tena kuelekea Bahari ya Hindi. Ukiteleza kidogo tu kila mtu anaona. Ziwani nako mpaka na Uganda ni latitudo ya digrii 1 kusini, mstari mmoja katikati ya maji. Mipaka hiyo ilichorwa kwa rula na watu waliokuwa mbali sana na maji haya, na anayeteseka leo kuifuata ni mimi na bledi yangu.

Ramani nilizokata mpaka sasa nilizichora mwenyewe, kwa karatasi ya kaboni kutoka kwenye atlasi ya shule, nikapaka rangi. Atlasi yenyewe ilikuwa ya zamani: haikuwa na Geita, Simiyu, Katavi wala Njombe, mikoa iliyoanzishwa 2012, sembuse Songwe ya 2016. Nilichora kwa kuuliza. Mzee mmoja mteja wangu alipoiona alisisitiza kwamba Geita ni Mwanza, na kwa umri wake hakukosea sana.

Mkato wa kwanza naingia kupitia baharini. Naanzia ukingo wa kulia wa ubao, napita katikati ya Bahari ya Hindi mpaka nifike pwani, halafu naizunguka nchi nzima na kurudi pale pale. Tanzania inatoka kama kipande kimoja, na kinachobaki ni fremu yenye majirani wote 8: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia, Malawi na Msumbiji. Fremu hiyo naigandisha juu ya ubao mwingine wa ukubwa ule ule, inakuwa sinia. Mikoa ikiwekwa ndani haisambaratiki kama zile za Spilsbury, na mimi sihitaji kuipachika Tabora kichwa cha kuing'ang'ania Singida.

Kisha nakata mikoa. Tabora ni raha, ni mkubwa kuliko yote, mkono unatembea. Dar es Salaam ni balaa: kwenye ramani ya A3 haifiki sentimita 1 ya mraba, na ndicho kipande kinachopotea kwanza. Watoto wanasema Dar imepotelea Dar. Kwenye A2 inashikika kwa vidole. Unguja na Pemba hazikatiki mikoa yake mitano kwa mkono wa binadamu kwa ukubwa huo. Ningependa mchoraji wenu azikuze kwenye kisanduku pembeni, mikoa yote mitano ionekane, asije mtu akasema fundi wa Kirumba ana jambo na Muungano.

Na ziwa. Mhariri, hapa naomba mchoraji anisikilize. Kwenye ramani nyingi ziwa linapakwa buluu moja na mipaka ya mikoa inaishia ufukweni, kana kwamba maji hayana mwenyewe. Mikoa mitano inaligusa: Kagera, Geita, Mwanza, Simiyu na Mara. Zaidi ya nusu ya mkoa wetu wa Mwanza ni maji. Nikikata nchi kavu peke yake, Mwanza inakuwa vipande viwili visivyojuana, bara huku na Ukerewe kule, na Ukerewe inaogelea ndani ya sinia. Nikikata mpaka na maji yake, Mwanza inakuwa kipande kimoja kizuri, kina ghuba, kina visiwa, na mtoto anapokishika ndipo maswali yanapoanza.

Mjukuu wangu mmoja alikigeuza geuza, akaniuliza mbona Ukerewe iko karibu na Mara kuliko na sisi. Ni kweli. Kutoka Rugezi kuvuka kwenda Kisorya, wilaya ya Bunda, ni kivuko cha muda mfupi, wakati meli ya kutoka bandari ya Mwanza kwenda Nansio inakula saa. Mtoto huyo kila akienda kwa bibi yake mwingine Ukerewe anapita majini, hajawahi kufikiri kwamba kuna njia ya kuzungukia Bunda. Siku nyingine akauliza daraja liko wapi, lile la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Tukalichora kwa kalamu ya wino, kimstari kimoja juu ya Ghuba ya Mwanza. Kwa kipimo chetu daraja la kilomita 3 linakuwa milimita moja, na alisikitika sana, akataka lionekane. Nikamwachia alichore apendavyo. Daraja letu sasa linaanzia Misungwi linakaribia Geita.

Nikiwa sina ramani nakata kanga. Wenzangu wa ushonaji hili litawafaa, maana vipande vya kanga na vitenge havikosekani. Kitambaa kinalowekwa gundi mpaka kigande kama karatasi, kisipolowa vizuri nyuzi zinachomoza kwenye kila mkato. Kitenge ni fumbo la watu wazima: ua lile lile linajirudia kila baada ya shubiri, utakaa nalo mpaka adhana ya alfajiri. Kanga ni ya huruma zaidi kwa sababu ina pindo, na kila anayeunga fumbo anaanza na pembeni. Halafu katikati kuna mji wake, na chini kuna jina. Watoto wanaojifunza kusoma wanaliunga jina herufi kwa herufi, na majina mengine ya kanga, Mhariri, unajua mwenyewe, inabidi bibi achague kabla hajakata.

Kumalizia hakuna maneno mengi. Msasa laini upande wa nyuma kuondoa manyoya, vanishi mikono miwili myembamba upande wa picha kabla ya kukata, siku ya jua. Unga wa mbao usiuvute, funga kitambaa puani. Vipande vidogo wasipewe watoto chini ya miaka mitatu, watavila. Mvua za masika zikija vipande vinabana kidogo kwa unyevu, kiangazi vinalegea, usihangaike navyo.

Najua yupo atakayesema siku hizi kuna mashine za laza mjini zinazokata tuzo na vibao vya majina, zinaweza kukata fumbo zima kabla chai haijapoa. Zipo, na anayetaka mafumbo ya shule nzima aende huko, sitamzuia. Lakini zinaunguza ukingo, vipande vinatoka na mstari mweusi na harufu ya moshi, na umeme ukikatika mashine inakaa. Mimi msumeno wangu haujui kukatika kwa umeme. Na yupo atakayeuliza nauza bei gani. Siuzi. Ukinipa bei nitaanza kuharakisha, na nikiharakisha msumeno utalala.

Basi ombi langu kwa kalenda ya mwakani ni hili. Ramani iwe A2 au zaidi. Karatasi nzito, ichapwe upande mmoja tu, nyuma pawe peupe bila mng'aro. Mikoa iliyopakana isiwe na rangi moja, na mistari ya mipaka iwe myeusi, minene kiasi cha milimita moja ili msumeno uwe na pa kupita bila kula rangi. Jina la mkoa liandikwe katikati ya mkoa, lisivuke mpaka, kwa sababu “Kilimanjaro” ndefu ikiingia Manyara nitaikata “Kiliman”. Mipaka ya mikoa iingie mpaka ziwani, si Victoria tu, Tanganyika na Nyasa pia. Majirani 8 waandikwe majina yao. Miezi yote iwekwe kwenye ukanda mmoja chini, ili Januari nyingine ikifika niukate ukanda kwa mkasi na ramani ibaki nzima. Nembo yenu na matangazo wekeni kwenye ukanda huo huo. Mkitaka kuweka tangazo baharini nitawavumilia, lakini ziwani hapana.

Na mnapozisambaza, tafadhali mziviringishe. Mwaka jana niliyopewa na kampuni fulani ilikunjwa mara nne, na mkunjo ukikutana na gundi haunyooki hata uuwekee mawe yote ya Mwanza. Mkiikunja hii, mkunjo utapita Dodoma.

Mama Fundi,
Kirumba, Mwanza